Kaa huyu na kaa hili: masaibu ya herufi K

Jioni moja, majuma mawili yaliyopita, nilikuwa nimeketi barazani kwetu Kikambala. Stima ilikuwa imepotea na koroboi ilikuwa ikiwaka mezani, mpwa wangu aliye katika gredi ya sita aliponijia na daftari lake la imla. Hakuwa na furaha. "Shikamoo, mjomba," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia alikuwa amekwisha kulifungua daftari kwenye ukurasa wenye wino mwekundu. Kati ya sentensi kumi walizosomewa darasani, tisa zilitiwa alama ya vema. Ya kumi ilikuwa imezungushiwa duara. Binti alikuwa ameandika hivi: "Juma alimweka k'aa juu ya kaa la moto." Pambizoni mwalimu wake alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri wa kupendeza: "Alama hii haipo katika Kiswahili."

Nilimwuliza alama ile aliitoa wapi. Akanijibu kwamba hakufundishwa na mtu. Mwalimu alipoisoma sentensi, yeye aliirudia kimoyomoyo, akaona kwamba yule kaa wa baharini hutoka kinywani na upepo, ilhali lile kaa la jikoni halina upepo. Na kwa kuwa ng'ombe na ng'ambo hutiwa alama ili yasichanganywe na ngoma na ngazi, alidhani K nayo inayo haki hiyo. "Mjomba," akaniuliza, "mbona twasema vingine, tukaandika vingine?"

Mimi ni mwalimu wa isimu. Nimeisomea taaluma hii hadi shahada ya uzamifu, na swali kama hilo nimelijibu mara nyingi mbele ya ubao, chaki mkononi. Lakini sikuwa nimepata kuulizwa na mtu ambaye swali lenyewe limemgharimu alama. Nilimpa jibu fupi lisilotosha, akaenda kulala. Haya yafuatayo ndiyo niliyopaswa kumwambia, na ninayaandika hapa kwa kuwa nina hakika wapo walimu na wanafunzi wengine, tangu Lamu hadi Vanga, wenye daftari kama lile.

Kwanza tuthibitishe kwamba binti hakuota. Kiweke kiganja chako mbele ya midomo, umbali wa vidole viwili, kisha useme kaa kwa maana ya kipande cha ukuni kilichoungua kikawa cheusi. Sasa sema kaa kwa maana ya yule mnyama wa pwani mwenye magando. Mzawa wa Mvita, wa Takaungu au wa Malindi aliyekulia katika usemi wa wazee wake atahisi mara ya pili pumzi ya moto ikimgonga kiganjani. Mara ya kwanza hatahisi kitu. Asiyezaliwa Pwani huenda asihisi tofauti yoyote, wala asijilaumu. Amsikilize Mwingereza akilitaja neno la kwao lenye maana ya ufunguo. Pumzi ni ile ile. Sisi wanaisimu tunaiita mpumuo. Haiko katika K pekee. Paa la nyumba halina mpumuo, paa wa mwituni anao. Tembo linalogemwa mnazini halina, tembo wa msitu wa Arabuko-Sokoke anao. Na katika kaunti yetu ya Kilifi, ambako lile la kwanza huonekana mara nyingi kuliko yule wa pili, tofauti hiyo si ya kupuuzwa na mtu anayesimulia alichokutana nacho njiani usiku. Lakini leo nitaishika K tu.

Kumtaka msomaji atumie kiganja kunaafikiana na historia kuliko anavyodhani, kwa maana herufi K yenyewe ni kiganja. Wafoinike, wale mabaharia wa pwani ya Lebanoni ya leo, waliiita herufi yao hii kaf, na katika lugha za Kisemiti, Kiarabu na Kiebrania zikiwamo, neno hilo maana yake ni kiganja cha mkono. Neno letu kofi lafanana nalo mno hata mimi naona taabu kuamini kuwa ni sadfa. Wagiriki walipoiazima abjadi hiyo, yapata karne ya 8 kabla ya Kristo, waliiita kappa, jina ambalo kwao halikuwa na maana yoyote. Na walipozoea kuandika kutoka kushoto kwenda kulia, wakaigeuza, vidole vyake vikaelekea kulia. Ndiyo K tuijuayo, shina moja na vidole viwili vilivyobaki. Tawi jingine la ukoo huo lilipita kwa Waaramu likafika Arabuni, likawa kaf ya Waarabu. Kwa hivyo mtoto wa Pwani anayekwenda shule asubuhi na chuo cha Kurani jioni huandika herufi mbili ambazo ni ndugu wa baba mmoja, moja ikielekea kulia na nyingine kushoto.

Lililonivutia zaidi usiku ule, baada ya binti kulala, ni jambo walilolifanya Wagiriki wenyewe. Katika usemi wao wa kale walikuwa na K mbili kama sisi, moja kavu na nyingine yenye pumzi. Hawakuridhika kuziandika kwa herufi moja. Ile kavu waliiachia kappa. Ile yenye pumzi wakaipatia herufi yake mbali, waliyoiita khi, yenye umbo la mistari miwili iliyokatana. P na T waliziganya vivyo hivyo, kila moja mara mbili. Wahindi nao tangu kale wamekuwa na desturi hiyo. Mwenye duka wa Mombasa aliyefundishwa kusoma Kigujarati na wazazi wake anazo herufi mbili, ya K kavu na ya K yenye pumzi, na kwake kuchanganya moja na nyingine ni kosa la tahajia kama lilivyo kwetu kuandika P mahali pa B. Basi kumbe mpwa wangu, kwa kalamu ya risasi na alama moja ndogo, alikuwa amefika peke yake pale walipofika Wagiriki na Wahindi. Aliyoyapata huko ni duara jekundu.

(Vijana wetu ambao katika ujumbe wa simu huandika 5k wakikusudia shilingi elfu tano wajue kwamba K hiyo nayo ina kisa. Wafaransa walipounda vipimo vyao vipya mwishoni mwa karne ya 18 walilichukua neno la Kigiriki la elfu, lililoanza kwa khi, wakaliandika kwa K, na pumzi yake ikapotelea njiani. Na mwanafunzi wa kemia anayejiuliza kwa nini potasiamu huandikwa K na sio P, jawabu lake ni jina kalium, linalotoka katika neno la Kiarabu la majivu ya mimea, al-qali. Kila sauti iliyokosa pa kwenda, naona, hupelekwa kwa K.)

Warumi, waliozirithi herufi za Wagiriki kwa mkono wa Waetruski, walijikuta na herufi tatu, C, K na Q, kwa sauti ile ile moja. Wakaipenda C, wakaiacha K ikasinyaa hata ikabaki katika maneno machache kama Kalendae, siku ya kwanza ya mwezi, ambamo tumepata kalenda. Uingereza ilirithi vurugu hilo mpaka leo. Tulipoipokea abjadi hiyo sisi, tulimwachisha C mlangoni, asiingie ila ameshikana mkono na H. Hilo ni jambo la kushukuru, na wanafunzi wanaohangaika na tahajia ya Kiingereza watakubaliana nami.

Lakini kabla ya herufi za Kirumi, Pwani yetu iliandika kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, na humo K ilikuwa na masaibu ya namna nyingine. Kiarabu kina kaf, K ya kawaida, na kina qaf, inayotamkwa ndani zaidi kooni. Tofauti yake si ya mapambo. Mshairi anayetaja kalbi yake, yaani moyo wake, akiiandika kwa kaf badala ya qaf amemtaja mbwa. Kiswahili kiliyapokea maneno ya herufi zote mbili kikayaweka chungu kimoja. Kitabu, katibu, kamili, maskini na baraka yalikuja na kaf; kalamu, kadhi, kabila, kaburi, kahawa, dakika, rafiki na sanduku yalikuja na qaf. Baadhi ya haya yalikuwa yamekwisha kusafiri mno kabla ya kutufikia. Kalamu ni neno la Kigiriki la tete, lililoingia Kiarabu likapata qaf, likaja kwetu likapata K. Kanuni nayo ilipita njia hiyo hiyo. Kitabu nacho kilitendewa muujiza mwingine. K yake ni sehemu ya mzizi, haiwezi kuondolewa kwa Mwarabu. Lakini Mswahili alipolisikia neno akaona ki-, akakumbuka kiti na kisu, akasema vitabu. Dereva wa Dar es Salaam aliyeufanya mzunguko wa barabara kuwa kipilefti, na mingi kuwa vipilefti, alikuwa akifuata nyayo za wahenga wake.

Hapo, angalieni, kuna maamuzi ya aina mbili. Kuziunganisha kaf na qaf tuliamua wenyewe, kwa vinywa vyetu. Wengi wetu hatuitamki qaf, basi hatuna haja ya kuiandika. Mpumuo wa K tunautamka.

Waandishi wa zamani waliliona hilo. Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuweka kituo chake Rabai mwaka 1846, alikikusanya Kiswahili cha upande huu katika kamusi kubwa iliyotoka mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Aliyemzidi kwa usikivu ni William Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyeishi Mombasa miongo michache baadaye. Taylor alikuwa na bahati ya kufundishwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, yule aliyetuhifadhia kwa maandishi ya Kiarabu mashairi ya Muyaka wa Mwinyi Haji. Katika kitabu chake cha methali za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1891, Taylor alizitia konsonanti zenye pumzi alama ndogo juu, karibu sawa na ile iliyozungushiwa duara Kikambala. Katika wakati wetu marehemu Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyemalizia maisha yake London, alishughulika na jambo hilo hilo kwa upande wa herufi za Kiarabu, akitaka Kimvita kiandikwe bila kupoteza hata sauti moja. Kwa hiyo alama ile ina nasaba ya zaidi ya miaka 130, na ina wasomi nyuma yake.

Iliondoshwaje basi? Mwaka 1928 wawakilishi wa serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana kutafuta Kiswahili kimoja cha shule na vitabu. Walikutana Mombasa, nyumbani kwa Kimvita, wakakichagua Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi hizo nne, ambayo kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kitabu cha shule kinafuata tahajia moja. Kiunguja kilikuwa na faida zake: kilikuwa kimetapakaa bara kwa njia za misafara, na Askofu Edward Steere alikuwa amekitolea kitabu cha sarufi tangu mwaka 1870. Tahajia iliyoamuliwa haikuwa na nafasi ya mpumuo. K ikawa K, basi.

Najua wapo wenzangu wa Pwani ambao, wakifika hapa, hupandwa na hamaki, wakasema tuliporwa. Mimi siko pamoja nao katika kila jambo. Kitabu kinachosomeka Kilifi, Kigoma na Goma ni neema ambayo bibi zetu hawakuipata. Tukiirudisha alama leo, mamilioni ya wasemaji ambao mpumuo haumo kabisa katika vinywa vyao itawabidi waikariri neno kwa neno, kama vile Waingereza wanavyozikariri herufi zao zisizotamkwa; na sioni kwa nini mtoto wa Bungoma ateswe ili mtoto wa Kikambala apumzike. Isitoshe, Kiswahili kina upatanisho wa ngeli, nao hutuokoa mara nyingi. Kaa huyu hawezi kuwa kaa hili. Paa amekimbia na paa limevuja hazichanganyiki, hata zikiandikwa kwa herufi zile zile. Sentensi yenyewe ya imla ilikuwa na ali-m-weka upande mmoja na kaa la upande wa pili. Bila alama yoyote msomaji asingepotea. Imla ni mtihani wa tahajia, na kwa tahajia iliyopo, mwalimu aliyemnyima binti alama moja alifanya kazi yake.

Neno moja tu katika maandishi yake ya pambizoni ndilo lililonikosesha usingizi. Hakuandika kwamba alama hii haipo katika tahajia. Aliandika kwamba haipo katika Kiswahili.

Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Tahajia ni makubaliano ya kamati, na kamati huweza kukutana tena. Kiswahili ni kile kilichomo kinywani mwa binti yule, mwa mama yake, na mwa wavuvi wanaowauza kaa hao. Mtoto anayeambiwa kwamba anachokisikia hakipo hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama anaacha kumsadiki mwalimu, ama anaacha kuyasadiki masikio yake. Nimekuwa nikifundisha chuo kikuu muda wa kutosha kuyaona matokeo ya hili la pili. Kila mwaka hunijia wanafunzi wa Pwani, waliozaliwa ndani ya lugha yenyewe, nikiwataka wanitamkie kuku na kuni kama watamkavyo nyumbani, wanatazamana, wanacheka kwa haya, kisha wananitamkia kama msomaji wa habari wa redio. Sauti wanazo, walikwisha kufunzwa kwamba ni makosa. Somo la fonolojia huwachukua majuma kadhaa kuwarejesha pale alipo leo mtoto wa gredi ya sita.

Niliamua kwenda kumwona mwalimu. Nilimkuta jioni kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, akisahihisha madaftari. Ni kijana mpole, mzaliwa wa Ukambani, na kabla sijatoa lililonileta alinichekesha. Aliniambia kwamba siku alipopokea barua ya kupangiwa shule alidhani Kikambala ni namna fulani ya Kikamba, akamwambia mama yake kwamba ameletwa kwa watu wanaosema lugha ya kwao. Alipofika akauliza Wakambala ni akina nani, nao wanakaa wapi. Hakuna Wakambala. Nikamwambia kwamba ki- ni mdanganyifu mkubwa katika nchi hii: mara ni lugha, mara ni udogo, kama katika kijiji, mara ni namna, kama katika kucheka kitoto, mara ni sehemu tu ya jina la mahali, kama Kilifi na Kisauni. Na akiwa na haraka hujificha. Chakula na choo na chumba vyote vina ki- ndani yake iliyogeuka ch mbele ya irabu. Ukishuka kusini hadi Kwale huna haja hata ya irabu. Sisi twasema Kigiriama, wenzetu wanajiita wasemaji wa Chidigo na Chiduruma.

"Na majina, Daktari?" akaniuliza, akinionyesha rejista yake. Ukurasa mzima ulikuwa K: Kadzo, Kahindi, Kalume, Karisa, Katana, Kazungu, Kache. "Nilipofika nilidhani ukoo mmoja umejaza darasa." Nikamweleza kwamba wengi wa hao wamebeba ka- ya udogo na mahaba: Kalume ni kiume kidogo, Kadzo ni kitu kidogo chema, Kahindi na Kazungu kila mtu anawafahamu. Kiswahili sanifu hakina ngeli hiyo, ingawa watu wa bara huitumia kila siku wakisema kaduka na kamtoto, wakakosolewa na walimu kama mimi. Kimijikenda hakijaiacha, nacho Kikamba chake yeye hakijaiacha. Alitikisa kichwa kwa furaha.

Ndipo nikalitoa daftari.

Aliisoma sentensi, akasoma na maandishi yake mwenyewe. Hakukasirika. Akanieleza kwa unyofu kwamba yeye tofauti hiyo haisikii kabisa. Kwake kaa na kaa ni mamoja, na alipoona alama ile alidhani mtoto anacheza. Nikamwambia asione haya, kisha nikamwuliza nyumbani kwao kuku humwitaje.

"Ngũkũ," akasema.

"Hiyo ng inatoka wapi?"

Hakujua, na hana sababu ya kujua. Hata mimi nilifundishwa. Zamani sana, katika lugha iliyozaa Kikamba, Kigikuyu, Kigiriama na Kiswahili, jina la ndege huyo lilianza kwa N ikifuatiwa na K. Mkutano wa N na K ni mkutano mgumu, na kila lugha iliutatua kwa njia yake. Watu wa bara waliishika N, wakailegeza K ikawa G: Mkamba na Mgikuyu wote wanasema ngũkũ. Watu wa Pwani waliishika K, wakaiachilia N ipotee. Lakini N haikuondoka bila kuaga, iliacha pumzi. Ndiyo maana mpumuo haukutapanywa ovyo. Umekaa katika majina ya ngeli ile iliyokuwa na N mwanzoni, ngeli ya kuku na ya yule kaa wa baharini. Kaa la jikoni ni la ngeli nyingine, ya makaa, haikuwahi kuwa na N, na haina pumzi. Ukuni mmoja hauna pumzi, kwa kuwa K yake iko nyuma ya u-. Zikiwa nyingi N ya kale inarudi, nazo kuni hutamkwa kwa pumzi, wakati ambapo Mgikuyu aliyekuwa na rũkũ mmoja husema ngũ. Mtoto wa Kikambala hakufunzwa lolote kati ya haya. Alisikia tu, na katika kusikia kwake akatofautisha ngeli mbili zilizotofautiana tangu kabla Pwani hii haijawa na mji hata mmoja wa mawe.

Mwalimu alinyamaza kitambo. "Yaani," akasema polepole, "hiyo pumzi yao ndiyo N yetu."

"Ndiyo N yenu, Mwalimu."

Akakiinua kiganja mbele ya midomo yake, pale pale kibandani, mwenye chai akimtazama kwa mashaka. Akasema kaa. Akasema tena, akijaribu kusukuma. Mara ya nne nadhani alihisi kitu, kwa maana alicheka, akakitazama kiganja kama mtu aliyetemewa mate. Kisha akaniuliza swali la kazi, nalo nililitarajia: afanye nini siku ya mtihani wa taifa, ambako hakuna msahihishaji atakayekaa kusikiliza habari za N ya kale? Nikamwambia kwamba siku hiyo binti ataandika kaa bila alama, kama mimi na yeye tunavyoandika, na kama ninavyoandika katika makala haya. Siku nyingine zote amwache aseme alivyozaliwa, na akipata nafasi amsimamishe mbele ya darasa awaonyeshe wenzake kwa kiganja. Tena nikamwomba jambo ambalo ningewaomba watungaji wa kamusi zetu na vyuo vinavyowaandaa walimu wa shule za msingi: maneno yenye pumzi yatajwe hivyo mahali fulani, kwa maandishi madogo, hata kama tahajia ya kila siku itabaki ilivyo. Mwalimu anayepelekwa Pwani kutoka bara anapaswa kuwa amelisikia jambo hili chuoni, asilisikie mara ya kwanza kwenye kibanda cha chai kutoka kwa mjomba wa mwanafunzi.

Kuhusu ile alama moja iliyokatwa hatukubishana. Sikuiomba, naye hakuitoa. Alichukua kalamu nyekundu, akalikata neno Kiswahili katika maandishi yake ya pambizoni, akaandika juu yake neno tahajia. Akaupuliza wino ukauke, akalifunga daftari, akanipa.

Binti alipoliona kesho yake alihesabu tena sentensi zake kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Zilikuwa tisa bado. Akaniuliza tahajia ni nini.